Fundi Awajibu Wasomaji: Kayaki ya Kuvulia na Vyuma Vinavyoliwa

Tangu safu hii ilipogusia utunzaji wa mitumbwi ya mbao, barua nyingi zimetufikia kutoka kwa watu wanaovua kwa kayaki za plastiki katika Ziwa Kivu. Karibu wote wanalalamikia jambo moja: ganda la plastiki bado ni zima, lakini vyuma vilivyofungwa juu yake vinalegea, vinaganda au vinageuka unga. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu majibu ya nyingine yanaitegemea.

Mzee wetu Fundi, pokea salamu zangu. Nilinunua kayaki ya kuvulia iliyokwisha kutumika, ambayo ililetwa kwa lori kutoka Mombasa, na nimevua nayo kwa miezi saba. Kibati cha alumini kinachoshika ufito wa kuvulia kimelegea, lakini skrubu zake nne za inoksi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) hazigeuki kabisa, na pembeni mwake kuna unga mweupe kama wa muhogo. Usukani nao umekuwa mzito. Wavuvi wa Kituku wananiambia kuwa maji ya Kivu ni matamu, hayali chuma, hivyo nipake mafuta machafu ya injini niendelee na kazi. Nifanyeje? — Msomaji wa Himbi, Goma

Ndugu yangu wa Himbi, rafiki zako wa Kituku hawakukosea kwa yote. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, ilhali lita moja ya maji ya juu ya Kivu hubeba gramu moja na kidogo tu, tena nyingi kati ya hizo si chumvi ile ya mezani. Mtu akifunga msumari wa chuma kwenye mtumbwi wa mbao pale Kituku, atauona ukidumu muda mrefu kuliko ambavyo ungedumu Mombasa. Wanachosahau ni kwamba mitumbwi yao haina alumini, na kilicholiwa kwenye kayaki yako ni alumini. Kutu ya chuma ni nyekundu. Unga huo mweupe ni mabaki ya kibati chako.

Vunja betri kuukuu ya tochi uitazame. Koa lake la zinki limetoboka na linatoa uji, ingawa betri hiyo haijawahi kuingia ziwani. Limeliwa kwa sababu metali moja iliwekwa karibu na kitu kingine kisicho na tabia kama yake, katikati pakawa na unyevu wenye chumvi, na umeme ukapita. Ndivyo ilivyo chini ya kichwa cha kila skrubu yako. Inoksi na alumini zikigusana pakavu, hazisumbuani. Zikigusana kwenye unyevu, inoksi hubaki inang'aa na alumini ndiyo inayolipa. Unga unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, kwa hiyo hujibana kwenye nyuzi za skrubu na kuigandisha kana kwamba imemwagiwa saruji.

Kayaki yako ina mikosi miwili zaidi. Kwanza, ilitoka baharini, na chumvi ya bahari iliyojificha chini ya kibati haitoki kwa sababu tu umeileta kwenye maji matamu. Kila inapopata umande huyeyuka na kuanza kazi upya. Pili, maji ya Kivu yenyewe yana tabia ya magadi: pH yake (kipimo cha tindikali na magadi) katika maji ya juu ni karibu 9. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo hustahimili vizuri pale pH ilipo kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukivuka hapo, kinga hupungua. Hili ndilo watu wengi hawalitazamii, kwamba ziwa letu ni pole kwa chuma cha kawaida kuliko bahari, lakini halina urafiki mkubwa na alumini.

Sasa tuzifungue hizo skrubu, na usianze kwa nguvu. Ondoa unga wote unaoonekana kwa mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu, kisha acha pakauke kabisa, maana mafuta hayapenyi mahali palipojaa maji. Tia matone ya mafuta mepesi ya kupenya kuzunguka kila kichwa, jioni na asubuhi, kwa siku tatu. Siku ya nne chemsha maji, loweka kitambaa kinene, ukamue, ukilaze juu ya kibati kwa dakika chache. Alumini hutanuka kwa joto kuliko inoksi, na mtanuko huo mdogo mara nyingi hutosha kuvunja gamba lililoganda. Hapa kwetu Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya kimo, na joto hilo linatosha. Usimwage maji hayo juu ya kayaki wala usitumie moto wa gesi, kwa kuwa ganda la polietilini hulainika na kupinda kabla hujaona moshi wowote.

Chukua bisibisi inayojaa kabisa kwenye mkato wa kichwa, igonge kwa nyundo ndogo mara tatu nne, kisha uanze kwa kukaza, si kwa kulegeza. Ukisikia mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika, ni gamba hilo limeachia. Sasa rudisha nyuma robo mzunguko, kaza tena kidogo, rudisha zaidi. Mtu wa pili aingize mkono kwenye kifuniko cha ndani na kuishika nati kwa spana, la sivyo itazunguka pamoja na skrubu na kulipanua tundu la plastiki. Skrubu isiyokubali baada ya hayo yote, toboa kichwa chake, inua kibati, kisha ushike kisiki kilichobaki kwa koleo. Kupoteza skrubu nne ni hasara ndogo kuliko kupasua sitaha.

Ukishafungua, osha mahali palipokuwa na kibati kwa maji mengi, mara mbili au tatu, ili chumvi ya Mombasa iondoke. Kisha funga upya huku ukitenganisha metali. Weka washa ya nailoni au ya plastiki ngumu chini ya kila kichwa, zungusha utepe wa plastiki kwenye shina la skrubu linapopita katika alumini, na ujaze nyuzi grisi ya boti. Ukiikosa grisi hiyo, vaselini ya kawaida inafaa, ila itabidi uifanye upya kila baada ya miezi michache kwa sababu maji huiondoa polepole. Usiiweke vaselini kwenye mipira ya vifuniko, kwa kuwa mpira wa asili huvimba na kulegea ukipakwa mafuta ya petroli. Kule tumia grisi ya silikoni.

Kuhusu usukani, sidhani kama mhimili wenyewe umekula kutu. Mara nyingi uzito huo hutokana na mchanga wa lava ambao umeingia ndani ya mrija wa waya, na mchanga wetu, kama ujuavyo, ni mweusi na mkali kama msasa. Chukua kitambaa cha pamba, kishike kuzunguka waya wa usukani na ukivute taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kitambaa kikinasa mahali, hapo uzi mmoja wa waya umekatika. Badilisha waya mzima, wala usijaribu kuuokoa kwa grisi. Kisiponasa, suuza mrija kwa maji safi, uache ukauke, na basi.

Mafuta machafu ya injini usiyapake. Yananasa huo huo mchanga mweusi na kuugeuza unga wa kusagia, yanaharibu mipira, tena yanaishia ndani ya ziwa ambamo unatafuta samaki wa kula.

Na sasa neno ambalo ningetaka ulikumbuke kila ukirudi ufuoni. Watu hushauriwa kusuuza kayaki kwa maji ya bomba baada ya kuvua, na ni ushauri mzuri kwa anayetoka baharini. Goma, maji ya REGIDESO, shirika la maji ya bomba, huvutwa kutoka ziwani humo humo, kwa hiyo ukisuuza kwa bomba umebadilisha maji ya Kivu kwa maji ya Kivu. Kusuuza kuna faida yake, kunatoa mchanga, utelezi na damu ya samaki. Kazi yenyewe hufanywa na kitambaa kikavu. Pangusa chini ya vichwa vya skrubu, kwenye bawaba na kwenye reli, kisha uache vifuniko wazi ili tumbo la kayaki lipumue. Dakika kumi zinatosha.

Fundi, jambo. Nataka kununua bolti mpya za inoksi za kayaki yangu. Muuzaji mmoja anasema zote ni sawa, mwingine anauza bei mara mbili na kudai kuwa zake ni bora. Nimeambiwa nizipime kwa sumaku. Je, ni kweli? — Msomaji wa Nguba, Bukavu

Sumaku itakusaidia nusu ya njia tu. Bolti ikinaswa kwa nguvu, karibu kila mara hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kikang'arishwa, na rangi hiyo ni nyembamba mno: spana ikiikwaruza mara moja, kutu imepata mlango. Bolti ya inoksi ya aina inayotumika kwenye boti hainaswi, au hunaswa kidogo sana kwa sababu ya kukunjwa kiwandani. Lakini sumaku haiwezi kukutofautishia inoksi mbili zinazouzwa sana, na ndiyo sababu muuzaji wako wa kwanza anajiona mkweli.

Soma kichwa cha bolti. Ukiona A2, hiyo ni inoksi ya daraja la 304. Ukiona A4, ni daraja la 316, ambayo imeongezwa metali ya molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi ya bahari. Tarakimu zinazofuata, kama 70 au 80, zinaeleza nguvu ya bolti ya kuvutwa, hazihusiani na kutu. Kwa kuvua Kivu tu, A2 inatosha kwa sehemu nyingi, na sioni sababu ya kulipa maradufu. Ningenunua A4 kwa mahali pasipokauka: mhimili wa usukani, na bolti zinazopita chini ya maji. Bolti isiyo na alama yoyote iache dukani, hata kama inang'aa kama kioo.

Jihadhari zaidi na riveti. Mimi mwenyewe, pamoja na mvi hizi, niliwahi kufunga kibati cha inoksi kwa riveti sita za alumini, kwa sababu ndizo zilizokuwamo mfukoni na siku ilikuwa inakwisha. Kibati kilikaa imara miezi minane. Asubuhi moja nikiwa naburura chambo nje ya ghuba, samaki alivuta, na ufito, kibati na kila kitu kikaondoka kwa pamoja. Nilibaki nikitazama matundu sita yenye unga mweupe. Sijui alikuwa samaki wa namna gani, na sikupewa nafasi ya kujua. Kosa lilikuwa la hesabu. Inoksi kubwa ikikutana na alumini ndogo, ulaji wote hujikusanya kwenye ile ndogo na kuimaliza upesi. Skrubu ndogo ya inoksi kwenye kibati kikubwa cha alumini, kama ya ndugu yetu wa Himbi, ni mbaya lakini huenda polepole. Kinyume chake hakina msamaha. Kibati cha inoksi kifungwe kwa bolti za inoksi, na riveti za alumini zibaki kwenye vibati vya alumini au vya plastiki.

Mzee, nilisugua vyuma vya inoksi kwa sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, vikawa vyeupe kabisa. Baada ya wiki mbili vimejaa madoa ya kahawia. Niliuziwa inoksi ya uongo? — Msomaji wa kisiwa cha Idjwi

Hapana, mama, inoksi yako ni ya kweli. (Nakuita mama kwa mwandiko wako, kama ni baba, unisamehe.) Sufi ile ni chuma cha kawaida, na kila uliposugua, vipande vidogo visivyoonekana vilibaki vimechomeka juu ya inoksi. Vinavyoshika kutu ni hivyo. Paka maji ya ndimu juu ya madoa, acha kwa nusu saa, sugua kwa sponji ya plastiki, suuza vizuri na ukaushe. Rudia mara moja ikihitajika. Brashi ya waya wa chuma nayo ina hatia ile ile. Na javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, usiitumie kabisa kung'arisha inoksi, kwa maana klorini iliyomo hutoboa vishimo vidogo ambavyo huwezi kuviziba tena.

Fundi wetu, kayaki yangu huingia majini mara mbili kwa mwezi tu. Wakati mwingine wote iko uani, imefunikwa kwa turubai, karibu na tangi la maji ya mvua ambayo naitumia kuioshea. Vyuma vinashika kutu kuliko vya jirani yangu anayevua kila siku. Je, ni Nyiragongo? — Msomaji wa Keshero, Goma

Volkano ina sehemu yake, lakini turubai yako ina sehemu kubwa zaidi.

Nianze na mlima. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba gesi ya salfa pamoja na klorini na florini, na mvua inayopita ndani ya moshi huo huteremka ikiwa na tindikali. Mara nyingi upepo huupeleka moshi upande wa magharibi, na wakazi wa Rusayo na Sake hawahitaji fundi wa kuwaeleza kinachoyapata mabati yao. Siku ambazo moshi umelalia mji, maji yanayotoka juu ya bati na kuingia kwenye tangi lako ni maji ambayo chuma hakiyapendi. Kwa hiyo kayaki yako ioshe kwa maji ya bomba au ya ziwa, na ya tangi uyaache kwa kazi nyingine. Ukikosa mengine, basi yatumie, mradi upanguse hadi pakauke.

Sasa turubai. Umeitoa kayaki ziwani ikiwa bado na maji kwenye mikunjo, ukaifunika hadi chini ili isipate vumbi, na mchana jua likaipasha. Maji yakapanda kama mvuke, yakagota kwenye turubai, na usiku yakadondoka tena juu ya vyuma. Jirani yako anayevua kila siku huiacha yake kwenye upepo, ikakauka kila adhuhuri. Inoksi hasa huumia kwa hali hiyo, kwa sababu kinachoikinga ni utando wa kromu unaojitengeneza upya kwa hewa, na chini ya matope yaliyoloa hewa haifiki. Ndiyo maana utakuta bolti inang'aa juu, ukiifungua shingo yake ina vishimo vyeusi.

Hata hivyo usiiache juani bila kivuli. Huku juu, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, jua lina makali kuliko pwani, na polietilini iliyochomwa na jua kwa miaka hupauka, hukakamaa, na hatimaye hupasuka kuzunguka matundu ya skrubu, mahali pale pale unapotaka paendelee kushika. Jenga kibanda chepesi cha paa tu, kisicho na kuta, au funga turubai juu ya fito ili iwe paa na wala isiwe blanketi. Lalisha kayaki kifudifudi juu ya mikanda miwili mipana ya gurudumu kuukuu, na usiiweke moja kwa moja juu ya mawe ya lava, kwa maana usiku mmoja tu wa kuegemea ncha ya jiwe utaacha kovu. Kizibo cha kutolea maji kiwe wazi.

Ukishafanya hivyo, fungua bolti moja baada ya miezi mitatu, moja tu, ile unayoishuku zaidi, uitazame shingo yake. Itakueleza hali ya nyingine zote.

Mzee Fundi, nimefunga kifaa cha kutafutia samaki kinachotumia betri ya pikipiki. Plagi zake zinaota ukungu wa kijani na kifaa kinazimika. Betri nimeihifadhi ndani ya tumbo la kayaki ili isilowe. — Msomaji wa Muhumba, Bukavu

Itoe betri humo leo, kabla ya kusoma mengine. Betri ya tindikali, hasa ikichajiwa kupita kiasi, hutoa haidrojeni, ambayo ni gesi inayolipuka, na tumbo la kayaki lililofungwa ni chupa yake. Mvuke wa tindikali yenyewe huvila vyuma vyote vya ndani. Iweke kwenye sanduku la plastiki nyuma ya kiti, lenye mfuniko unaoruhusu hewa kupita lakini usiopitisha mawimbi, na uifunge kwa mkanda ili isianguke kayaki ikiyumba. Nyumbani ichajie nje ya kayaki, mahali penye hewa.

Ule ukungu wa kijani ni kutu ya shaba. Tenganisha waya, safisha pini kwa mswaki uliochovywa kwenye siki, suuza kwa maji safi, kausha kabisa, kisha jaza plagi grisi ya silikoni kabla ya kuiunganisha. Mahali ambapo waya wenyewe umekuwa mweusi chini ya ngozi yake, ukate hadi ufikie shaba inayong'aa, na ukikuta sentimita ishirini bado ni nyeusi, nunua waya mpya uliopakwa bati. Ule wa nyumba haukutengenezwa kwa ziwa.